BENCHI NALO NI DAWA: TUJIFUNZE KWA MAFUNDI WA KALERWE

Maoni ya mhamasishaji wa afya wa jamii



Mimi ni kijana mwenzenu, mhamasishaji wa afya wa jamii. Kazi yangu mnaijua. Napita nyumba kwa nyumba, nauliza kama watoto wamechanjwa, kama chandarua kinatumika, kama choo kina mfuniko. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kitu ambacho hakimo katika daftari letu la ziara. Nataka kuandika juu ya benchi.

Najua wengine watacheka. Tuna malaria, tuna kuhara, tuna watoto wenye utapiamlo, na huyu anatuletea habari za benchi! Nisomeni hadi mwisho, kisha mseme.

Katika bloku ninayohudumia kuna mzee mmoja ambaye sote tunamwita Papa. Ana ugonjwa wa presha. Kila mwezi alitakiwa kwenda kituo cha afya kuchukua vidonge. Ndani ya kituo viti ni vichache, na mstari hujipanga nje, juani. Magoti ya Papa ni mabovu. Kusimama saa tatu hawezi. Kukaa chini pia hawezi, kwa sababu akishakaa hainuki mpaka wapatikane vijana wawili wa kumnyanyua, naye anaona aibu. Mara mbili aliondoka kwenye mstari akarudi nyumbani bila vidonge. Aliniambia, "Mwanangu, miguu imenishinda, nitarudi kesho." Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Asubuhi moja mama wa nyumbani alimkuta hawezi kusema, na upande mmoja wa mwili umekufa. Bado yupo hai, tunamshukuru Mungu, lakini analishwa kwa kijiko.

Mimi sisemi kwamba benchi lingemponya. Presha ni ugonjwa mgumu. Lakini najua alikosa vidonge, na najua kwa nini alivikosa. Nilipofungua daftari langu la miezi ile nilikuta nimeandika kwa mkono wangu: "Mgonjwa amehamasishwa kwenda kituoni." Ni kweli, nilimhamasisha. Mahali pa kukaa hapakuwepo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikumbuka Kalerwe.

NILIYOYAONA KALERWE

Kabla ya kuja kambini niliishi Kampala kwa baba mdogo. Kalerwe iko tarafa ya Kawempe, kaskazini ya mji, pale barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mzunguko ya Northern Bypass. Soko lake linajulikana Kampala nzima kwa chakula cha bei nafuu: matoke, mananasi, viazi, nyanya, maharage. Karibu yake unapita mfereji wa Nsooba, unaopeleka maji Bwaise na kwenye bwawa la mafunjo la Lubigi. Mvua ikinyesha sana mfereji unafurika, na maji machafu yanaingia hadi kwenye vyumba vya watu. Basi msifikiri nawasifia mahali pa matajiri. Ni mahali pa watu wa kipato kidogo, penye tope na msongamano kama kwetu, na pengine zaidi.

Lakini Kalerwe watu hawakai chini. Muuza nyanya ana kigoda chake. Muuza chapati ana ubao juu ya magogo mawili ambapo wateja wanakaa. Vijana wa boda boda wana benchi kwenye kila steji, na mara nyingi wameligongelea wenyewe. Vyakula navyo haviwekwi kwenye tope, vinapangwa juu ya meza za mbao zenye miguu mirefu. Hakuna shirika lililoleta meza hizo. Zimetengenezwa na mafundi wa palepale kwa mabaki ya mbao, misumari iliyonyooshwa na mipira ya magurudumu chakavu.

Nilipomaliza S4 nilikosa karo ya kuendelea, nikamfuata fundi mmoja wa mbao nikawa msaidizi wake. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kushika randa. Ilikuwa kunyoosha misumari iliyopinda, debe zima. Fundi alikuwa akisema mbao nzuri ni ile ambayo tayari imelipiwa na mtu mwingine. Alichukua mbao za kumiminia zege zilizotupwa na wajenzi, paleti kuukuu za viwandani na vipande vilivyobaki Ndeeba kwa wauza mbao. Kwa hivyo alitengeneza benchi, kitanda, kabati la kuku, hata ngazi.

Mwezi Machi 2020, wakati wa korona, Rais Museveni aliamuru wauzaji wa chakula walale sokoni wasirudi majumbani. Meza za masoko ya Kampala ziligeuka vitanda. Mchana nyanya, usiku godoro, na chandarua juu kimefungwa kwenye nguzo za kibanda. Hapo niliona kitu kilichotengenezwa kwa mkono kikifanya kazi mbili na kulinda afya za watu katika shida kubwa. Baadaye maisha ya mji yalitushinda, nikaja huku kumfuata mama.

SI JAMBO GENI KWETU

Wengine husema kupamba mahali pa wote ni mambo ya wazungu. Si kweli. Waswahili wa Lamu na Unguja tangu zamani wamejenga mabenchi ya mawe na chokaa kwenye kuta za nyumba, upande wa barabarani. Wanayaita baraza. Hapo watu hukaa jioni, hunywa kahawa, hupokea mgeni, husuluhisha ugomvi, na mvua kubwa ikijaza njia watu hupita juu yake wasikanyage maji. Ndiyo sababu neno baraza likawa pia na maana ya mkutano wa wazee. Kwetu Kongo nyumba nyingi zina baraza mbele, na vijijini tunacho kibanda cha nyasi kisicho na kuta, mahali pa mazungumzo. Tulikimbia tukaacha nyumba. Hatukulazimika kuacha na akili ya kujenga mahali pa kukaa.

Hapa Uganda pia wapo waliotuonyesha njia. Mwaka 2012 msanii wa Kampala, Ruganzu Bruno Tusingwire, alipata tuzo ya kimataifa kwa kazi ya kuwatengenezea watoto wa mitaa ya maskini mahali pa kuchezea kwa kutumia chupa za plastiki na vitu vilivyotupwa. Huko Mpigi wapo vijana waliojenga nyumba kwa chupa za plastiki zilizojazwa udongo. Kilichokuwa taka kikawa ukuta.

TULIVYOJARIBU SISI

Baada ya habari ya Papa, tulikutana vijana wanne wa bloku. Hatukuwa na mbao. Mbao kambini ni ghali, na ukiiacha nje usiku asubuhi imekuwa kuni. Hatuwezi kumlaumu sana mama aliyekosa kuni za kupikia. Basi tuliamua kujenga benchi la udongo, kwa kuwa udongo hauchomeki jikoni, wala mchwa hawauli.

Benchi la kwanza lilianguka. Tulijenga moja kwa moja juu ya ardhi, bila mawe chini, na juu tuliliacha bapa. Mvua ya kwanza maji yakatuama juu, yakala udongo, likapasuka katikati. Watu walitucheka wiki nzima.

La pili tulikumbuka ya fundi wa Kalerwe, kwamba adui wa kila kitu cha nje ni maji yaliyosimama. Nawaandikia tulivyofanya ili nanyi mjaribu.

1. Tulichimba mtaro mfupi, kina cha shubiri moja, tukaujaza mawe. Mawe yalipanda juu ya ardhi kidogo ili maji yanayopita yasiguse udongo.

2. Tulifyatua matofali tukayakausha kivulini karibu wiki mbili. Yakikauka juani haraka hupasuka.

3. Kipimo cha urefu hatukuhitaji futi. Tulitumia dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu cha mtu mzima. Ni kama sentimita 45, na ndio urefu mzuri wa kukalia. Mwisho mmoja wa benchi tuliuinua vidole vitatu zaidi, tukaweka na mkono wa kushikilia, kwa ajili ya wazee na wajawazito. Benchi likiwa chini sana, mwenye magoti mabovu hainuki.

4. Juu tuliliinamisha kidogo upande wa mbele ili maji yateremke.

5. Tulilipaka udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwa na samadi ya ng'ombe, kisha tukaongeza chokaa kidogo. Kila baada ya majira ya mvua tunapaka tena. Kazi ya asubuhi moja.

6. Kando ya benchi tuliacha nafasi wazi ya karibu mita moja, ili mwenye kiti cha magurudumu akae pamoja na wenzake, asiwekwe nyuma kama mzigo.

7. Shimo tulilochimbia udongo tulilifukia siku hiyohiyo. Ndugu zangu, hili msilisahau! Mashimo ya matofali yakijaa maji ya mvua ndipo mbu wa malaria anapozalia. Ukijenga benchi ukaacha shimo, umeleta kiti pamoja na homa.

Benchi hilo limesimama chini ya mti karibu na mstari wa kituo. Wazee wanakaa, namba zao zinashikwa na walio mbele, na wakiitwa wananyanyuka wenyewe. Jambo moja sikulitegemea. Watu wakiisha kukaa wanaanza kuulizana. Siku moja mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba kikohozi chake kimezidi wiki mbili, na mwenzake akamwambia apime makohozi. Mimi nilikuwa nimempitia nyumbani mara tatu, hakuniambia.

TAHADHARI ZA AFYA

Kwa kuwa wapo wenye ufundi zaidi yangu watakaotumia vitu vingine, natoa tahadhari hizi.

Mipira ya magari. Ni mizuri kwa viti na michezo ya watoto, lakini ikishika maji ni nyumba ya mbu aina ya Aedes, anayebeba homa ya manjano na dengi. Yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Itoboeni matundu chini au ijazeni udongo mpaka juu.

Paleti. Tazameni muhuri uliochomwa kwenye mbao. Herufi HT maana yake imetibiwa kwa joto, hiyo ni salama. Herufi MB maana yake imepigwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, hiyo msifanyie kiti wala kitanda. Yenye madoa ya dawa au mafuta nayo iacheni.

Oili chafu ya gari. Mafundi wengi huipaka nguzo ili mchwa wasile. Kama ni lazima, ipakeni sehemu ile tu inayoingia ardhini. Msiipake mahali pa kukalia, kwani inadhuru ngozi, na watoto hutia vidole mdomoni. Wazee wetu walikuwa wakiunguza ncha ya nguzo kwa moto kabla ya kuichimbia, na wapo wanaosema husaidia.

Nguzo zenye rangi ya kijani zilizotiwa dawa. Mabaki yake msipikie hata siku moja. Moshi na majivu yake yana sumu.

Chupa za plastiki. Zijazeni udongo mkavu, zifungeni, kisha zifunikeni kwa udongo wa kupaka. Zikiachwa juani hupasuka. Wala msichome mabaki ya plastiki au kavera, moshi wake ni mbaya kwa kifua.

WANAOPINGA

Nimesikia maneno ya upinzani na nayaheshimu.

Wa kwanza wanasema, "Hiyo ni kazi ya shirika." Nami nasema shirika lina wajibu, na tuendelee kulikumbusha mikutanoni. Lakini tazameni hali ilivyo. Posho ilikatwa mwaka 2020, na mwaka 2025 wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda waliondolewa kwenye orodha ya chakula cha Shirika la Chakula Duniani kwa sababu ya fedha kukosekana. Mwenye kukosa fedha za mahindi atapata lini fedha za mabenchi? Udongo tunao, na mikono tunayo.

Lakini neno hili lina upande wa pili, na nawaambia wakubwa wetu wa afya bila kuficha. Kujitolea kwetu kusiwe sababu ya wao kukaa kimya. Tunaomba mambo matatu tu: paleti salama zinazofika na mizigo tupewe badala ya kuchomwa, tukopeshwe majembe na kalibu za matofali, na tuulizwe kabla mahali pa kungojea hapajapangwa. Wakati mwingine kivuli kinajengwa huku na mstari unapita kule, kwa sababu aliyechora hajawahi kusimama kwenye mstari.

Wa pili wanasema, "Sisi ni wapita njia, kesho tunarudi kwetu." Inshallah, Mungu awasikie. Lakini Nakivale ilianza kupokea wakimbizi zaidi ya miaka 60 iliyopita. Wapo waliozaliwa kambini wakazalia kambini. Tukiishi kila siku kama wa kuondoka kesho, watoto wetu watakua wakidhani binadamu ameumbwa kukaa kwenye vumbi.

Wa tatu wanasema, "Vitaibwa, vitavunjwa." Kalerwe nilijifunza kwamba benchi la steji haliibwi kwa sababu lina wenyewe. Likivunjika mguu, vijana wa steji wanachanga. Benchi la "wote" lisilo na jina la mtu halimalizi mwezi. Kwa hiyo kila benchi liwe na kamati ya watu watatu wa jirani, na mmoja awe mama.

TUANZIE WAPI

Maoni yangu ni tuanze na mahali patatu katika kila bloku.

Kwanza, mstari wa kituo cha afya, kwa ajili ya wagonjwa, wazee na wajawazito, na kando yake kibuyu chirizi na sabuni.

Pili, bombani. Hapo akina mama hawaombi benchi peke yake. Nilipowauliza walisema wanataka meza ya jerikeni. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20. Mama mjamzito anainama mpaka chini kulinyanyua hadi kichwani, mara nne au tano kwa siku, halafu tunashangaa mgongo unamuuma. Jengeni ukingo wa mawe au matofali unaofika kiunoni, jerikeni lipumzike hapo, kisha lipande kichwani kwa hatua mbili. Mimi mwanaume nisingewaza hilo. Ndiyo maana nasema waulizwe kwanza wanaotumia mahali, hata kuhusu mahali penyewe pa kuweka, pasiwe kichochoroni ambapo binti anaogopa jioni.

Tatu, mahali pa kugawia chakula, ambapo watu wanashinda mchana kutwa. Hapo kuna haja ya kivuli kuliko kitu kingine. Pandeni mti kando ya kila benchi sasa, maana mti hauangalii kama shirika lina bajeti. Na aliye na mti tayari asiupigilie misumari.

Ndugu wasomaji, juzi nilipita kwa Papa. Mama alikuwa amemtoa nje, amemlaza mkekani, anamlisha. Aliniuliza kama ni kweli siku hizi pale kituoni kuna mahali pa kukaa. Nikasema ndiyo, mama. Akanyamaza, akamfuta Papa mdomo, kisha akasema, "Basi nijengeeni na mimi hapa mlangoni, la udongo hivyohivyo, lenye mahali pa kuegemea. Ninataka akae, aone watu wakipita."

Jumamosi hii asubuhi tunakwenda kufyatua matofali. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye jerikeni la maji aje nalo. Na mwenye mzee nyumbani kwake asingoje barua yangu nyingine.

Afya ni yetu sote.